Usione Vyaelea, Vimeundwa: Somo Nililolipata Bustanini

Methali hii nimeifundisha kwa miaka mingi. Nimeichambua mbele ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza, nikawaonyesha kiambishi cha ngeli kinachorejelea vyombo ambavyo msemaji hakuvitaja, nikawaeleza kwamba aliyeitunga alikuwa mtu wa pwani aliyeona jahazi likielea kwa wepesi akakumbuka jasho la fundi. Hata hivyo, nakiri leo hadharani kwamba maana yake kamili sikuipata darasani. Niliipata nikiwa nimesimama juu ya nyasi za Uingereza, mnamo Julai mwaka wa 2023, nikimsikiliza bibi aliyepindukia umri wa miaka sabini akieleza kwa nini bonde lililokuwa mbele yetu lilikuwa bonde.

Nilikuwa nimekwenda Oxford kuhudhuria kongamano la wanaisimu. Kazi ilipokwisha, mwenyeji wetu mmoja alitualika tukatembee Stowe, katika jimbo la Buckinghamshire, mwendo wa chini ya saa moja kwa gari. Msomaji ambaye hajafika huko afahamu kwamba kiangazi cha wenzetu si kama chetu. Mwezi wa Julai jua huchelewa kutua hadi saa tatu usiku, na watu ambao kwa miezi kadhaa walijifungia ndani wakiota moto hutoka kama kumbikumbi baada ya mvua. Baadhi yao huelekea ufuoni. Wengine, hasa wazee na walimu, hulipa kiingilio cha bustani za kale ili watembezwe kwa miguu na mwongozaji kwa muda wa saa moja au mbili. Nilipoambiwa hivyo mara ya kwanza, nilidhani huo ni mchezo wa watu wasiokuwa na shamba la kupalilia.

Mwongozaji wetu alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mmojawapo wa wale wanaojitolea bila mshahara. Alitupokea mahali palipoitwa New Inn, nyumba ya wageni iliyojengwa mwaka wa 1717. Hapo ndipo mshangao wangu wa kwanza ulipoanza, kwani nyumba hiyo ilijengwa na mwenye bustani mwenyewe, Lord Cobham, kwa ajili ya wageni waliokuwa wakija kuitazama bustani yake. Kumbe utalii huu wa kutembea na kusimuliwa una umri wa miaka mia tatu na zaidi! Aidha, mnamo mwaka wa 1744 mtu mmoja wa mji wa jirani wa Buckingham, Benton Seeley, alichapisha kijitabu cha kumwongoza mgeni hatua kwa hatua, kitabu ambacho huhesabiwa kuwa cha kwanza cha aina yake kwa bustani ya Uingereza. Seeley huyo hakuwa bwana mkubwa wala msanifu wa majengo. Alikuwa mwalimu wa kuandika hati. Naomba walimu wenzangu walishike jambo hilo akilini, maana nitalirudia.

Tulipoanza kutembea, nilitarajia kuonyeshwa maua. Maua hayakuwa mengi. Palikuwa na nyasi, maji, miti mikubwa, na katikati yake mahekalu na minara ya mawe zaidi ya thelathini, kila jengo likiwa limewekwa mahali ambapo jicho lilikuwa tayari kulitafuta. Lord Cobham, ambaye jina lake la ukoo lilikuwa Richard Temple, alikuwa jemadari na mwanasiasa. Mwaka wa 1733 aligombana na Robert Walpole, ambaye huhesabiwa kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Uingereza, kwa sababu ya mswada wa ushuru wa bidhaa, naye akapokonywa kikosi chake cha jeshi. Mtu mwingine angeandika makala kali gazetini. Cobham aliandika kwa mawe na maji.

Juu ya kilima kidogo alijenga hekalu la mviringo la kutukuza wema wa kale, akaweka ndani yake sanamu za Wagiriki wanne: Homer, Socrates, Lycurgus na Epaminondas. Kando ya hekalu hilo akajenga jengo la wema wa kisasa, nalo akalijenga makusudi likiwa gofu, pamoja na sanamu isiyokuwa na kichwa, ambayo husimuliwa kwamba ilimlenga Walpole. Ng'ambo ya kijito, ambacho alikiita Styx kwa jina la mto wa wafu wa Wagiriki, akapanga sanamu kumi na sita za watu aliowaona kuwa fahari ya taifa lake, akiwamo Shakespeare, Milton, Newton na Locke. Miongoni mwa hao kumi na sita mwanamke ni mmoja tu, Malkia Elizabeth wa Kwanza. Nyuma ya ukuta huohuo kuna maandishi ya kumsifu Mwitaliano mmoja aitwaye Signor Fido, ambaye maandishi yanamtukuza kwa uaminifu na unyofu wake. Unasoma, unazidi kumstahi mheshimiwa huyo, hata unapofika mwisho unatambua kwamba aliyezikwa ni mbwa. Wageni wote tulicheka, na mwongozaji wetu akacheka pamoja nasi ingawa bila shaka alikwisha kuyasoma mara elfu.

Nilianza kuelewa kwamba nilikuwa nasoma matini. Kulikuwa na kejeli, kulikuwa na tashtiti, kulikuwa na ulinganishi wa kale na sasa, na yote yalitegemea mfuatano wa hatua zangu. Asiyefundishwa kusoma angepita akaona nyasi na majumba ya mawe, akarudi nyumbani na picha. Lakini hatukuwa tumefika kwenye sarufi yenyewe.

Tulisimama ukingoni mwa uwanja mpana. Mbele yetu kondoo walikuwa wakila majani, na ilionekana kana kwamba wangeweza kutembea hadi miguuni petu wakati wowote. Bibi akatusihi tusonge mbele kwa uangalifu. Hatua chache zaidi, tukaona handaki lenye ukuta upande mmoja, lililozamishwa ardhini hivi kwamba kwa mbali halionekani kabisa. Kondoo hawezi kuvuka, wala anayetazama hajui kwamba kuna mpaka. Waingereza huuita ukuta huo ha-ha, jina ambalo husemwa limetokana na mguno wa mtu anayeshtuka anapougundua. Sisi tulioita chombo pikipiki na mtambo tingatinga kwa kufuata mlio wake hatuna haki ya kuwacheka kwa tanakali hiyo. Lakini nilitafakari kwa muda mrefu mpaka ule usioonekana, unaomwezesha mwenye mali kuamini kwamba nchi yote anayoiona ni moja tena ni yake.

Mwaka wa 1741 aliajiriwa hapo kijana wa miaka ishirini na mitano, Lancelot Brown, ambaye baadaye angekuwa mtengeneza bustani mashuhuri kuliko wote nchini humo, akashughulikia mashamba ya mabwana zaidi ya 170. Alikaa Stowe hadi mwaka wa 1751. Bonde lile nililolitaja mwanzoni, liitwalo Bonde la Kigiriki, lilichimbwa katika miaka yake, kwa sepetu na toroli na migongo ya vibarua. Ukilitazama leo utaapa kwamba Mungu ndiye aliyelikunja. Mwongozaji wetu alitueleza kwamba, mnamo mwaka wa 1782, karibu na mwisho wa maisha yake, Brown alimweleza mwandishi Hannah More kuwa kazi yake ilifanana na uandishi: mahali fulani huweka kipumuo, mahali pengine nukta mbili, pengine mabano ili kukatiza mtazamo usiofaa kuonekana, kisha nukta ya kumalizia na kuanza hoja nyingine. Mimi ninayelipwa mshahara kwa kazi ya kufundisha sarufi nilibaki kinywa wazi. Ndipo nilipoikumbuka methali yetu. Nilikuwa nimeona kinachoelea, na sasa nilikuwa naonyeshwa kilivyoundwa.

Kwa kuwa mabano huficha pia, nilianza kutafuta kilichofichwa. Haikuchukua muda mrefu. Tukishuka kuelekea kijitoni, niliona paa la kanisa katikati ya miti. Lilikuwa kanisa la kale la Mtakatifu Maria, dogo, limezungukwa na makaburi, limefunikwa na matawi kana kwamba mtu aliona haya kulionyesha. Nilitazama huku na huku nikitafuta nyumba. Hapakuwa na hata moja.

"Mama," nilimwuliza, "kanisa hili lilijengewa akina nani, ikiwa hapana mtu aishiye karibu?"

Alinitazama kwa namna ya mwalimu aliyekuwa akisubiri mkono mmoja uinuliwe. "Swali hilo nalingoja kila siku," akajibu. "Siku nyingi haliulizwi."

Kisha akatueleza. Pale palikuwa na kijiji, nacho ndicho kilichoitwa Stowe. Kilikuwa na nyumba, vichochoro na mashamba tangu zama za kati. Kadiri uwanja wa ukoo wa Temple ulivyopanuka katika karne ya 17 na ya 18, kijiji kilipungua, hata mwishowe nyumba zikaondolewa na watu wakahamia vitongoji vya jirani. Kanisa likaachwa kwa sababu kanisa na makaburi si mambo ya kubomolewa ovyo, na miti ikapandwa kulificha. Katika kanisa hilo ndimo Brown mwenyewe alimofungia ndoa mwaka wa 1744.

Bwana mmoja katika msafara wetu alinung'unika kwamba watu huja bustanini kupumzika, wala hawaji kusikia habari za kuhamishwa. Bibi hakukasirika. Alisema tu: "Nilifundisha watoto zaidi ya miaka thelathini. Nikikuficha hili, bwana, hata yale mengine niliyokueleza leo usiniamini." Kisha akaendelea na safari.

Mimi nami nilikuwa na neno moja la kuongeza, nikalisema tulipokuwa tukinywa chai. Katika Kiingereza cha kale, neno stow lilimaanisha mahali, hasa mahali pa watu kukutania au mahali patakatifu. Watu waliondolewa, nyumba zikaondolewa, lakini jina halikuhamishwa. Kila mgeni anayelitamka langoni anawataja watu wa kijiji bila kujua. Bibi alitoa kijitabu chake akaliandika jambo hilo, akasema atalitumia kesho yake.

Kuna na jambo jingine lililohusu kwao na kwetu sisi watu wa bara hili. Mwaka wa 1796 mrithi wa Stowe, ambaye baadaye alitawazwa Duke wa kwanza wa Buckingham na Chandos, alioa binti ambaye kupitia kwa mama yake ukoo ulipata shamba la miwa lililoitwa Hope katika kisiwa cha Jamaika, shamba lililolimwa na watumwa wenye asili ya Afrika. Utumwa ulipokomeshwa katika makoloni ya Uingereza kwa sheria ya mwaka wa 1833, serikali ilitenga pauni milioni 20 za kuwafidia wenye watumwa, na watumwa wenyewe hawakupewa hata senti. Sehemu ya shamba hilo leo ni bustani ya mimea ya Hope mjini Kingston, nayo hupendwa sana na wakazi wake. Ieleweke kwamba mahekalu niliyoyataja yalijengwa miongo mingi kabla ya ndoa hiyo. Lakini mali yote haikuuokoa ukoo huo: mwaka wa 1848 madeni yaliwalazimisha kuuza vyombo vya jumba lao kwa mnada uliochukua siku 40. Jumba likawa shule mwaka wa 1923, na bustani ikakabidhiwa taasisi ya National Trust mwishoni mwa miaka ya 1980, ambayo imetumia miaka mingi kuifufua.

Msomaji anaweza kuuliza: haya yote yanatuhusu nini sisi wa Kenya? Jibu langu linaanza na aibu yangu mwenyewe. Mwaka wa 2016, miaka saba kabla ya safari hiyo, niliwapeleka wanafunzi wangu pwani kwa basi. Tulipita chini ya mti mmoja mkubwa, mwanafunzi akaniuliza: "Daktari, mti huu unaitwaje?" Nikamjibu kwamba ni mti wa msituni. Wanafunzi walicheka kwa adabu. Mimi ninayeweza kutaja majina ya sauti zote zinazotamkwa kwa midomo sikuwa na jina la mti uliokuwa ukinipa kivuli. Ziara nzima ilikwenda hivyo: tulishuka, tukapiga picha, tukala, tukapanda basi.

Mwaka wa 2024 nilirudi na kundi jingine, safari hii katika Kaya Kinondo, kule Diani. Msitu huo wa hekta 30 hivi ni miongoni mwa misitu mitakatifu ya kaya za Wamijikenda iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2008, na kwa zaidi ya miaka ishirini wenyeji wamekuwa wakiwatembeza wageni humo. Mgeni hujifunga kitambaa cheusi, haruhusiwi kuchuma wala kuokota kitu. Nilimwomba mzee aliyetuongoza asituharakishe, naye akakubali. "Mwanangu," aliniambia mbele ya wanafunzi wangu wote, "msitu hauhitaji haraka, haraka mmekuja nayo nyinyi." Alitaja mti mmoja mmoja, akaeleza upi hutibu nini na upi usikatwe. Wanafunzi waliandika mbambakofi, msandarusi, mkwaju, na majina ya Kidigo ambayo hakuna kamusi niliyowahi kuyaona.

Humo pia nilikumbuka lile kanisa lililofunikwa na matawi. Maana kaya, kama ilivyokuwa Stowe, ilikuwa makao ya watu. Mijikenda waliishi humo ndani ya uzio na malango, na wengi wakatoka kwa hiari na kwa vipindi tofauti, wakaacha makaburi na maagano, na kwa sababu ya makaburi hayo msitu haukufyekwa. Neno lenyewe linasema hivyo. Kaya ni mji, ni nyumbani, na ndilo neno lilelile ambalo wahesabu watu hulitumia wanapokuja kuuliza mpo wangapi. Mgeni asiyesimuliwa huona vichaka na kudhani ni pori lisilo na mwenyewe. Mtu akiisha kudhani hivyo, hatua ya pili ni kuleta tingatinga. Jambo hilo si la kubuni: misitu ya kaya imepata kumegwa kwa ajili ya mahoteli, mashamba na machimbo, na aghalabu wa kwanza kuipigania ni wale wanaojua majina ya vilivyomo.

Hilo ndilo ninalolihofia. Wazee wenye majina hayo wanapungua, na sisi tunaowafundisha vijana lugha tunawafundisha ngeli ya mti na miti bila kuwaonyesha mti. Mwanafunzi anaweza kupata alama ya juu katika Kiswahili, akashindwa kutaja miti mitano iliyo kwenye uwanja wa shule yake. Penye miti hapana wajenzi, walisema wahenga. Nami nahofia tunaelekea pale ambapo miti ipo na hapana wa kuiita.

Najua walimu watasema kwamba basi ni ghali na ratiba imejaa. Ni kweli. Lakini kutembea hakuhitaji basi. Walio Nairobi wana Arboretum, iliyoanzishwa mwaka wa 1907 ili kujaribu miti ya kigeni itakayokua upesi na kutoa kuni za gari la moshi. Wana pia bustani ya Jeevanjee katikati ya jiji, ambayo raia mmoja mfanyabiashara aliitoa kwa umma mapema katika karne ya 20. Walio Malindi na Watamu wana Gede, mji wa mawe uliomezwa na miti. Na shule isiyokuwa karibu na chochote kati ya hivyo ina mti mmoja uliopandwa na mtu, kisima, njia ya zamani, au uwanja ambao zamani ulikuwa shamba la fulani.

Napendekeza zoezi dogo, ambalo mimi nimelianza na wanafunzi wangu. Kila mwanafunzi apewe kitu kimoja, mti au jengo au njia, na majuma mawili ya kuuliza wazee. Alete jina lake kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani. Alete majibu ya maswali matatu: nani alikifanya kiwe hivi, nani alitoka jasho, na nani alikuwapo kabla hajaondolewa au hajaondoka mwenyewe. Kisha siku moja darasa litoke, na kila mmoja awe mwongozaji kwa dakika tano mbele ya kitu chake. Mwalimu atembee nyuma akisikiliza. Mwishowe maelezo yote yaunganishwe yawe kijitabu cha shule, kama alivyofanya yule mwalimu wa kuandika hati wa Buckingham, ambaye hakuwa na chochote ila kalamu na miguu miwili.

Mwanafunzi wangu mmoja alichagua mwarobaini ulio nyuma ya maktaba yetu. Alirudi akiwa na jina la mfagizi aliyeupanda, ambaye sasa amestaafu na ambaye hakuna mhadhiri hata mmoja, mimi nikiwamo, aliyewahi kumwuliza kitu. Nimekaa chini ya mti huo tangu nilipoajiriwa.